Mwanzo Kokochi, Mwisho Nazi: Namna ya Kuyapima kwa Haki Maoni ya Kwanza Kuhusu Vyombo Vipya

Mwaka huu nimeombwa niandike somo, si hadithi. Lakini somo lenyewe lilinijia kwa njia ya hadithi, kwa hivyo nivumilieni nianzie nyumbani.

Nilipokuwa darasa la sita, kwetu hakukuwa na stima. Tulitumia koroboi. Mwenye kuijua koroboi hahitaji kuelezwa: unasoma kurasa mbili, pua imejaa masizi, macho yanawasha, na mafuta yakiisha basi na masomo yameisha. Wakati huo walikuja watu wakiuza taa za sola za kulipia kidogo kidogo. Jirani yetu mmoja, mama wa makamo, ndiye aliyekuwa wa kwanza kununua. Mwezi wa kwanza taa iliwaka vizuri, hata watoto tukaenda kuitazama. Mwezi wa tatu ikawa inazimika saa mbili usiku. Mwezi wa tano ikawa pambo la ukutani, na malipo bado hayajaisha! Akamwambia mama yangu, "Usithubutu. Taa hizi ni hasara tupu." Mama akasikia la mwenziwe.

Basi tukakaa na koroboi karibu miaka mitatu zaidi. Nilipoingia kidato cha kwanza nilimtembelea shangazi, nikakuta kwake taa ya sola ya wauzaji wale wale, ila ya toleo jipya. Alikuwa nayo mwaka mzima na ilikuwa ikiwaka hadi usiku wa manane. Nikamweleza mama, tukanunua, na haya mnayoyasoma nimeyaandika chini ya mwangaza wake. Kisha yakazuka maneno. Akina mama pale kisimani wakaanza kumcheka yule jirani: eti alikuwa mwongo, eti aliwaonea wenzake wivu wasipate mwangaza. Nami, nasema kwa aibu, nilicheka pamoja nao. Jirani akaacha kuja kwetu kunywa chai.

Swali langu ni hili: je, jirani yetu alikosea? Nimelifikiria sana, na nimeona kwamba si swali la kijiji chetu peke yake. Kila chombo kipya kinapoingia sokoni, iwe simu, tarakilishi au saa ya kuvaa mkononi, kuna watu wanaokijaribu kwanza na kuwaambia wengine. Miaka ikipita, sisi tuliokuja nyuma huwacheka au huwasifu. Mara nyingi hatuwatendei haki.

UHAKIKI WA CHOMBO NI NINI?

Katika fasihi tumezoea uhakiki wa riwaya na tamthilia. Mhakiki husoma, hupima, kisha hutoa maoni yake. Uhakiki wa chombo ni ndugu wa huo, lakini kuna tofauti moja kubwa ambayo ndiyo kiini cha somo hili. Riwaya ikishapigwa chapa, imekwisha. Ukiisoma leo na mjukuu wako akaisoma baada ya miaka hamsini, mtasoma maneno yale yale. Chombo sivyo. Chombo hubaki na jina lile lile huku kikibadilika tumbo. Betri hubadilishwa, programu hurekebishwa, bei hushuka. Anayesoma leo maoni ya miaka kumi iliyopita anaweza kudhani yanazungumzia kitu kilichoko dukani, kumbe kitu kile kilishakufa na jina limerithiwa na mwanawe.

Hapo ndipo methali zinapotuchanganya. Anayetaka kukihukumu chombo siku ya kwanza husema, "Nyota njema huonekana asubuhi." Anayetaka kukitetea hujibu, "Mwanzo kokochi, mwisho nazi." Naye mpenda mapya hana habari na wote wawili, kwani "Kipya kinyemi ingawa kidonda." Methali zote tatu ni za kweli, jamani, lakini hakuna hata moja iliyo mizani. Tunahitaji mizani.

Mwalimu wetu alitufundisha kwamba nazi hupitia hatua: kidaka, kitale, dafu, koroma, ndipo iwe nazi. Mtu akikipasua kidaka akasema, "Hiki hakina tui," amesema kweli. Akiongeza, "Mnazi huu hautazaa kamwe," hapo ametabiri. Tusipotenganisha kauli hizi mbili, tutamwita mkweli mwongo. Hebu sasa tutazame mifano kutoka huko ambako vyombo hivi huanzia.

MFANO WA KWANZA: KUONA, KUPIMA NA KUTABIRI

Simu ya iPhone ya kwanza ilitangazwa na kampuni ya Apple ya Marekani tarehe 9 Januari 2007, ikaanza kuuzwa huko tarehe 29 Juni mwaka huo. Bei yake ilikuwa dola 499 au dola 599 kulingana na nafasi ya kuhifadhia vitu, na mnunuzi alifungwa kwa mkataba wa miaka miwili na kampuni moja tu ya simu. Ilitumia mtandao wa polepole ingawa wa kasi zaidi ulikuwapo tayari. Kamera yake haikuweza kuchukua picha za video. Hukuweza kunakili maneno mahali pamoja na kuyabandika pengine. Duka la programu, ambalo leo mtu hawezi kuiwaza simu bila hilo, halikuwapo.

Waandishi wachache wa magazeti makubwa ya huko, miongoni mwao Walt Mossberg wa Wall Street Journal na David Pogue wa New York Times, waliipata mapema wakaitumia kabla haijauzwa. Waliusifu uzuri wake na jinsi kidole kilivyochukua nafasi ya vibonyezo. Papo hapo waliulaumu mtandao wake wa polepole na mambo yaliyokosekana. Je, walikosea? La. Kila walichosema kinakosekana kilikuwa kinakosekana. Duka la programu lilikuja Julai 2008. Kunakili na kubandika kulikuja mwaka 2009. Anayewacheka leo anawacheka kwa vitu ambavyo siku ile havikuwapo mezani kwao.

Sasa mlinganishe na mtu mwingine. Steve Ballmer, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Microsoft, alisema mwaka huo huo wa 2007, kabla simu haijaanza kuuzwa, kwamba haikuwa na nafasi ya kupata sehemu kubwa ya soko. Huo haukuwa uhakiki. Huo ulikuwa utabiri, tena wa mtu ambaye kampuni yake ilikuwa ikishindania soko lile lile. Utabiri ule ulianguka. Lakini kuanguka kwake kusiwapeleke mahakamani waliosema tu kwamba mtandao ni wa polepole.

Kuna jambo jingine hapa. Mwezi Septemba 2007, miezi miwili tu na siku chache baada ya kuanza kuuzwa, bei ya ile ya dola 599 ilishushwa hadi dola 399. Walionunua mwanzo walilalamika sana, mpaka Apple ikawapa hati ya dola 100 za kununulia vitu katika maduka yake. Kwa hivyo mhakiki aliyewaambia watu "ngojeni kidogo" aliwatendea wema, hata kama simu yenyewe ilikuja kuwa nazi iliyokomaa.

MFANO WA PILI: KULINGANISHA NA NINI?

Simu ya mkononi ya kwanza kuuzwa kwa umma ilikuwa Motorola DynaTAC 8000X. Ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1984 kwa dola 3,995. Ilikuwa na uzito wa karibu gramu 800, yaani inakaribia pakiti ya kilo moja ya sukari. Ulizungumza kwa muda wa nusu saa hivi, kisha ukaichaji kwa saa kumi. Tukiisoma habari hiyo leo tunacheka mpaka mbavu zinauma.

Lakini wakati huo watu walikuwa wakiilinganisha na nini? Na simu zilizofungwa ndani ya magari. Mtu aliyeweza kusimama barabarani akapiga simu bila gari na bila waya alikuwa ameona ajabu. Kwa hivyo aliyeisifu hakuwa mjinga, naye aliyesema "bei hii si ya mtu wa kawaida" hakuwa na chuki. Kila mmoja alikuwa na mizani yake, na tunapomsoma lazima tuulize: mizani yake iliwekwa kando ya kitu gani? Ukikipima chombo cha mwaka 1984 kwa rununu iliyo mfukoni mwa mwalimu wako leo, si uhakiki huo, ni uonevu.

MFANO WA TATU: KICHEKO KINACHOISHI KULIKO KOSA

Mwezi Agosti 1993 Apple ilitoa chombo kilichoitwa Newton MessagePad kwa takriban dola 700. Ulikuwa ubao mdogo wa kushika mkononi, unauandikia kwa kalamu maalum nao unajaribu kuusoma mwandiko wako. Tatizo ni kwamba mara nyingi uliusoma vibaya. Unaandika hili, unatoa lile. Katuni ya magazetini iitwayo Doonesbury ilikifanyia chombo hicho mzaha, na Wamarekani wakacheka.

Waliosema kwamba kinasoma vibaya walisema kweli. Baadaye programu yake ilirekebishwa, na matoleo yaliyofuata yakasoma mwandiko vizuri zaidi. Lakini nani alisikiliza? Mzaha ulikuwa umeshaota mizizi. Apple ilikiacha kabisa mwaka 1998. Sisemi kwamba mzaha peke yake ndio uliokiua, maana bei na ukubwa wake navyo vilichangia; mwaka 1996 kilitokea chombo kidogo zaidi na cha bei nafuu kilichoitwa Pilot, kikapendwa mno. Ninachosema ni kwamba maoni yana umri kama maziwa. Mtu akikuuzia maziwa ya jana kwa jina la maziwa ya leo, usimlaumu ng'ombe.

Hilo ndilo kosa letu nyumbani. Jirani alitupa maziwa mabichi siku ile. Sisi tukayaweka miaka mitatu, kisha tukasema amelisha watu sumu.

MFANO WA NNE: UHAKIKI UNAOTENGENEZA

Mwaka 2019 kampuni ya Samsung ya Korea Kusini ilitengeneza simu ya kukunjika, Galaxy Fold. Bei ilitangazwa kuwa dola 1,980, na ilitarajiwa kuanza kuuzwa Marekani tarehe 26 Aprili. Siku chache kabla, wahakiki walipewa simu hizo wazijaribu. Baadhi zikaharibika skrini ndani ya siku mbili tatu!

Hapa tuwe waangalifu, maana haki hukata kotekote. Wahakiki kadhaa walikuwa wamebandua utando wa juu wakidhani ni ule wa plastiki unaotolewa simu ikiwa mpya, kumbe ulikuwa sehemu ya skrini. Wengine hawakubandua chochote, nazo zikaharibika. Msomaji mwema alipaswa kuuliza: simu hii iliharibika ikiwa mikononi mwa mtu aliyefanya nini nayo? Na mtengenezaji naye aulizwe: kwa nini utando usiotakiwa kubanduliwa ufanane na ule unaobanduliwa?

Samsung iliahirisha mauzo. Ikaurefusha ule utando ukaingia chini ya ukingo usiweze kubanduliwa, ikaziba mianya penye bawaba ili vumbi lisiingie, kisha ikaanza kuuza mwezi Septemba mwaka huo. Mnaona? Kama wale wahakiki wangenyamaza kwa kuogopa kuambiwa wana wivu, wanunuzi wengi wangepata hasara. Toleo zuri lilizaliwa na maoni mabaya.

MFANO WA TANO: KIPYA KINYEMI

Mwisho, tusidhani kila kokochi huwa nazi. Mwezi Aprili 2024 kampuni ya Kimarekani iitwayo Humane ilianza kuuza kifaa cha kubandika kifuani, AI Pin, ambacho unakiuliza swali nacho kinajibu kwa sauti. Bei ilikuwa dola 699, na juu yake dola 24 kila mwezi. Wahakiki walisema kinapata moto, kinachelewa kujibu, na majibu mengine si sahihi. Baadhi ya watu wakamshutumu mhakiki mmoja mashuhuri, Marques Brownlee, ati si vizuri mtu mwenye wasikilizaji wengi kuiharibia kampuni changa.

Mwezi Februari 2025 kampuni hiyo ilitangaza kwamba mali yake inanunuliwa na kampuni ya HP, na kwamba kuanzia tarehe 28 mwezi huo vifaa vile havitafanya tena kazi yake. Aliyekuwa nacho kwa zaidi ya siku 90 hakurudishiwa pesa. Ndipo nikajiuliza: mhakiki ana deni kwa nani? Kwa mtengenezaji, ana deni la kusema kweli na kutotia chumvi. Lakini kwa mnunuzi ana deni kubwa zaidi, maana huyo ndiye anayetoa jasho lake leo. Mtengenezaji anauza ahadi ya kesho, mnunuzi analipa pesa za leo. Haki ni mhakiki akipime kile kilichopo siku ya kulipa.

MASHARTI MATANO YA MSOMAJI MWENYE HAKI

Kutokana na mifano hiyo nimetunga masharti matano. Yabandikeni ukutani kando ya ratiba mkipenda.

Kwanza, uliza tarehe na toleo. Maoni yasiyo na tarehe ni kama dawa isiyo na kibandiko.

Pili, uliza kama alikishika. Alikitumia siku ngapi, na kwa namna gani? Aliyetumia wiki mbili anaweza kukuambia juu ya skrini, lakini hawezi kujua betri itakuwaje mwaka wa pili.

Tatu, tenganisha alichoona, alichopima na alichotabiri. Alichoona, kipime kwa ukweli. Alichopima, kipime kwa sababu alizotoa. Alichotabiri, usikitumie kufuta mawili ya kwanza, kiwe kimetimia au hakikutimia.

Nne, uliza analinganisha na nini na anamwambia nani. Dola 600 kwa tajiri ni mzaha. Kwa mwenye kibanda sokoni ni karo ya watoto.

Tano, uliza ana faida gani. Amepewa bure? Anauza kinachoshindana nacho? Kupewa peke yake si kosa, lakini msomaji ajue.

Nanyi mnaoandika maoni, msisahau upande wenu: andikeni tarehe, semeni mlichokitumia, na chombo kikirekebishwa rudini mseme hivyo kwa sauti ile ile mliyoitumia kulaumu. Wengi hulaumu kwa tarumbeta na kusifu kwa mnong'ono.

TURUDI KWA JIRANI

Sasa nampima jirani yetu kwa masharti yangu mwenyewe. Alikishika chombo? Ndiyo, kwa pesa zake. Alichoona kilikuwa kweli? Ndiyo, taa ilikuwa ukutani haiwaki. Alikuwa na faida yoyote? Hasara tu. Labda neno lake "taa hizi" lilikuwa pana mno, angesema "taa hii." Lakini aliyekosea zaidi ni sisi tuliomsikia mara moja tukakaa miaka mitatu bila kuuliza tena. Gharama ya uvivu wetu ni masizi niliyoyavuta na kikohozi cha mama, si maneno ya jirani.

Likizo ya Aprili nilikwenda kwake nikamwomba radhi kwa kucheka. Hakukasirika. Aliingia ndani akatoa karatasi ya malipo ya taa yake, imekunjwa mara nne, tarehe bado inasomeka. Akasema, "Mwanangu, mimi nilisema ya taa yangu. Ya kwenu sikuwa nimeiona." Kisha akaniuliza yetu inakaa na moto saa ngapi. Nikamwambia ukweli: mwaka wa kwanza ilifika usiku wa manane, siku hizi inafika saa tano. Akatikisa kichwa, akaniambia nimwandikie hayo pamoja na tarehe. Jumapili iliyofuata alikuja kwetu kunywa chai.

ZOEZI

1. Chagua chombo kimoja kipya mlichonunua nyumbani. Andika maoni yako katika aya tatu: ulichoona, unavyokipima, na unavyotabiri. Usisahau tarehe.

2. Mwulize mzazi au babu maoni yake ya kwanza kuhusu rununu au runinga. Alisema nini? Alikuwa akilinganisha na nini?

3. "Nyota njema huonekana asubuhi." Jadili methali hii ukiipinga kwa mfano wa iPhone na kuiunga mkono kwa mfano wa AI Pin.

4. Je, kuna mtu uliyewahi kumwita mwongo kwa sababu kitu kilibadilika baada yake kusema? Jibu la swali hili usiliandike daftarini. Mwendee mwenyewe.